Joto Lililovuja Ihelu

Mwaka ule jua lilichomoza kila siku, lakini lilichomoza kama mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi. Mlima mmoja ng'ambo ya bahari ulikuwa umepasuka na kutapika majivu mpaka juu kabisa ya mawingu, na majivu yale yakatandaa duniani kote, membamba kama moshi wa ubani. Huko Ihelu, kwenye mabega ya milima ya Kipengere, watu waliweza kulikodolea jua macho bila kupepesa. Lilikuwa jeupe, la mviringo, halichomi. Vivuli vikapotea. Watu walitembea mchana kweupe bila vivuli, wakizungumza kwa sauti za chini, kama waliomo ndani ya ndoto ya mtu mwingine.

Sekela Mahenge alikuwa mtunza joto wa kijiji. Kila asubuhi alivua viatu pembeni mwa kiwanja cha mpira, akakanyaga nyasi kwa nyayo tupu, akafumba macho. Chini yake kulikuwa na ghala. Wazazi wa kijiji kile walikuwa wamechimba shimo pana kama kanisa, wakalijaza mchanga, wakauzungushia mchanga ule ukuta wa mawe mepesi ya volkano yasiyopitisha moto. Kila paa la Ihelu lilikuwa la sola. Umeme wa mchana ukishatosha taa, majiko na mashine za kukoboa, ziada haikupotea bure. Ilishuka kwa nyaya hadi kwenye koili zilizozikwa katikati ya shimo, na mchanga ukapata moto mpaka ukawa mwekundu kama kaa. Mchanga una subira kuliko betri. Uliweza kukaa na moto wake miezi, tangu jua kali la Oktoba hadi kipupwe cha Juni, ndipo feni zikalisukuma joto lake kupitia mabomba mpaka chini ya sakafu za nyumba.

Wenyewe hawakusema kuhifadhi. Walisema kulaza jua. Jirani akikutana na jirani jioni alimuuliza, "Mmelaza?" naye akajibu, "Tumelaza, sijui nyie." Na sheria yao ilikuwa moja tu, hata watoto waliijua: jua likishalala halina mwenyewe. Mwenye paa kubwa na mwenye paa dogo walichota sawa. Kuni zilikuwa zimesahaulika, na misitu iliyokuwa imekatwa na mababu ilikuwa imerudi hadi nyuma ya nyumba.

Miaka yote Sekela alilisikia ghala kwa nyayo zake kama mnyama mkubwa aliyelala, anayepumua polepole. Mwaka ule pumzi ile ilikuwa fupi.

"Kamwene, Sekela," ilimjia sauti nyuma yake. Alikuwa Ayubu Chaula, mwenyekiti wa kijiji, amejifunga blanketi juu ya koti. "Linasemaje?"

"Kamwene, Mwenyekiti. Linashuka."

"Kila kitu kinashuka mwaka huu."

"Linashuka kuliko tunavyochota." Sekela alifumbua macho. "Ninajua tunachota kiasi gani, na majivu nimeshayaweka kwenye hesabu. Bado kuna joto linaondoka na halifiki kwenye sakafu ya mtu."

Mwenyekiti alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya nyasi kama anayempima mtoto homa. "Unataka kuniambia tunaibiwa?"

"Nataka kukuambia sijui. Niache nitembee kidogo."

Asubuhi hiyo sakitu ilikuwa imeanguka, ile barafu nyembamba ya alfajiri inayounguza viazi shambani. Mlima wote ulikuwa mweupe, na kwa kuwa jua nalo lilikuwa jeupe na mbingu nyeupe, mtu hakuweza kujua dunia inaishia wapi. Sekela alizunguka ukingo wa kiwanja. Upande wa kusini, pale ardhi inapoanza kuteremka kuelekea korongoni, alisimama.

Katikati ya weupe ule palipita ukanda wa kijani.

Haukuwa mpana, watu wawili wakishikana mikono wangeujaza. Ulianzia chini ya kiwanja, ukateremka ukipinda huku na huku kama nyoka mvivu, na ndani yake hapakuwa na chembe ya sakitu. Nyasi zilikuwa ndefu na laini. Maua ya manjano na ya zambarau, ambayo huchanua masika tu, yalikuwa yamechanua humo yakitikisika, na nyuki walikuwa wanayazunguka taratibu kama waliolewa. Sekela alivua viatu tena. Udongo ulikuwa vuguvugu.

Akaufuata.

*

Ukanda ule ulimshusha mpaka ndani ya korongo, kwenye kijiji cha Nyivogo. Sekela alikuwa hajafika huko tangu usichana wake. Nyivogo ilikaa chini sana katikati ya majabali, na hata miaka ya jua zuri, jua lenyewe lilichungulia saa chache likaenda zake. Watu wake walikuwa na sola na betri kama watu wengine, lakini ziada hawakuijua, wala ghala hawakuwahi kulichimba.

Alichokiona kwanza ni mvuke. Ulipanda kutoka kwenye kijito ukajikunja juu ya mapaa, na ndani yake wazee walikaa kwenye mawe wamezamisha miguu majini, wanapiga soga macho yakiwa yamefumbwa. Juu ya kijito ilijengwa nyumba ndefu ya mianzi. Sakafu yake ilikuwa ya fito zilizoachana, ili mvuke upite.

Mwanamke mtu mzima, mnene, mwenye kitambaa cheupe kichwani, alitokea mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Mbona huna viatu? Ingia, lakini nawa mikono. Na usipige chafya."

Huyo alikuwa Atuganile, mkunga wa Nyivogo. Ndani ya nyumba mlikuwa na giza la samawati, unyevu na harufu ya maziwa. Vikapu vilining'inia kutoka kwenye paa, vinabembea kidogo, na ndani ya kila kikapu, juu ya pamba, alilala mtoto njiti. Sekela hakuwa amewahi kuona watu wadogo kiasi kile. Ngozi zao zilikuwa kama ganda la kitunguu. Mmoja alikuwa amekishika kidole cha mama yake kwa ngumi isiyozidi harage.

"Zamani hawa nilikuwa nawapeleka hospitali," Atuganile alisema kwa sauti ya chini. "Vinakuja vile vipanga, ndege zisizo na rubani, vinawabeba, kwisha. Sasa majivu yamevitia ugonjwa, havipandi. Mashine yetu ya kuwatia joto betri yake inazima kabla ya adhuhuri. Ningefanya nini? Mungu akaniletea maji."

"Tangu lini, mama?"

"Yalianza kama machozi tu, miaka michache iliyopita. Mwaka huu ndiyo yamekuwa hivi. Wengine wamekufa mabondeni kote kwa baridi, binti, sitaki nikuhesabie. Hapa sijazika hata mmoja."

Msichana aliyekuwa ameshikwa kidole aligeuka akatabasamu. Jina lake Tusajigwe, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha. "Njoo umwone wangu," alimwambia Sekela. "Ndiye mdogo kuliko wote. Alipozaliwa Mama Atuganile alimtia ndani ya kofia ya baba yake."

Sekela alimtazama mtoto. Kifua kilipanda, kikashuka, kikasita, kikapanda tena. Kisha aliinama, akapitisha mkono kati ya fito na kuuzamisha majini. Akautambua ule moto. Yeye mwenyewe alikuwa ameulaza, mwaka hadi mwaka. Ukuta wa ghala ulikuwa umepata ufa, maji ya chini ya ardhi yalikuwa yanapita pale yakijibebea joto la Ihelu, na mkondo ule ulikuwa unaishia hapa, chini ya vikapu vya hawa watoto.

"Ni maji mazuri," alisema, kwa kuwa ilibidi aseme neno.

"Ni neema," akasema Atuganile.

*

Aliporudi, mwenyekiti alimuuliza. Sekela akajibu kwamba bado anatafuta.

Lilikuwa jibu dogo, na siku zilizofuata lilizidi kuwa dogo kila aliporudia. Hesabu aliifanya akaifanya tena. Ufa ukiachwa, ghala lingepoa kipupwe kikiwa bado kina nguvu, na Ihelu ilikuwa na wazee wengi wa vifua, na watoto wachanga pia. Ufa ukizibwa, joto lingewafikisha Ihelu wote salama, na mvuke wa Nyivogo ungekatika. Kuziba nusu hakukuwezekana. Uji wa saruji na udongo wa mfinyanzi ukishamiminwa kwenye ukuta, ama umeziba ama haukuziba.

Basi akafanya lile linalofanywa na mtu asiyetaka kuchagua: akapunguza kasi ya feni. Kidogo tu. Nyumba za Ihelu zikapoa, lakini taratibu, kama chai iliyosahaulika mezani. Watu wakalala mapema na kuamka wamechelewa. Walisimuliana ndoto zao madukani. Wengi waliota maji, na hakuna aliyejua kwa nini ila Sekela, naye alidhani labda yeye ndiye anayeota kwa niaba yao.

Mama yake, Enesia, hakulala. Alikuwa mwanamke mkavu mwenye kifua kibovu, na mchana kutwa aliketi chini kwenye sakafu, mgongo ukutani, akifuma soksi za sufu. Siku moja aliziweka chini, akaubandika mkono sakafuni.

"Sekela. Nyumba hii ina baridi ambayo si ya Mungu."

"Ni majivu, mama."

"Majivu nayajua. Wewe nakujua zaidi. Unatembea humu ndani kama mtu aliyeficha nyama kwenye khanga."

Sekela alikaa chini akamweleza yote: ufa, ukanda wa kijani, vikapu, kile kifua kinachosita kabla ya kupanda. Alieleza kwa muda mrefu, na alipomaliza alitumaini, bila kukiri moyoni, kwamba mama yake angesema maneno ya kumfungua. Kwamba angesema, mimi nimeshakula chumvi nyingi, waachie watoto.

Enesia alikohoa, akangoja kifua kitulie.

"Ziba," alisema.

"Mama."

"Ulitaka niseme nini? Nife ili wewe upumue? Mimi sijamaliza kuishi, mwanangu. Napenda chai yangu. Napenda kusikia mvua. Usinitafutie utakatifu, sina." Akaziokota soksi zake. "Lakini sikiliza. Unachotufanyia si huruma. Hawa unawagandisha kidogo kidogo bila kuwauliza, na wale unawaacha waamini maji yatadumu. Umejifanya Mungu mdogo wa feni. Nenda ukaseme. Kama ni kugombana, tugombane tukiwa tunajua."

*

Mkutano ulifanyika ukumbini, watu wamejifunika mablanketi, pumzi zao zikipanda juu kama za ng'ombe asubuhi. Sekela alisimama mbele akasema. Alisema pia kwamba alikuwa amejua kwa siku kadhaa na kunyamaza, na kwamba ndiye aliyepunguza feni. Hapo kelele zilianza.

"Mwanangu anakohoa!" alipiga ukelele mwanamke mmoja. "Na wewe unapita kwangu unanisalimia!"

"Sheria inasema jua likishalala halina mwenyewe," mwingine akajaribu. "Sasa la Nyivogo lina mwenyewe?"

"Sheria ni ya waliolaza. Wao wamelaza nini?"

"Walaze nini, na jua hawalioni?"

Mwenyekiti Ayubu aliwaacha waseme mpaka sauti zikachoka. Kisha akamgeukia Sekela. "Wewe unataka nini?"

"Nataka vyote viwili, Mwenyekiti, na havipo." Aliwageukia watu. "Zibeni ufa. Lakini kabla ya hapo tuwalete wale watoto huku. Ule ukanda bado una joto. Mtoto akibebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, juu ya ardhi ile, anaweza kufika. Nje ya ukanda hawezi. Na kila nyumba ichukue mtoto na mama yake. Kisha jua likirudi, tuwatengee Nyivogo ziada ya mapaa ya kusini, wawe na ghala lao."

Kuhusu watoto walikubaliana, si kwa furaha, lakini mikono ilipanda mmoja baada ya mwingine. Kuhusu mapaa ya kusini walisema tutaona, na sauti waliyoitumia Sekela aliielewa.

*

"Kwa hiyo si Mungu," alisema Atuganile. "Ni nyinyi."

Alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba ya mianzi, mikono kiunoni, mvuke ukimpita pande zote. Nyuma yake akina mama walikuwa wamekusanyika wakisikiliza.

"Ni ufa, mama," Sekela alisema. "Hakuna aliyekusudia kutoa wala aliyekusudia kuiba."

"Na sasa unakusudia kuziba."

"Ndiyo."

"Unanitaka niwatoe watoto ambao hawajawahi kuona upepo, niwapandishe mlima katika baridi hii, kwa sababu sakafu zenu zimepoa."

"Ndiyo, mama."

"Akifa mmoja njiani?"

Sekela aligeuka akautazama mlima.

"Na hawa?" Atuganile alinyoosha mkono kwa wazee waliokuwa kwenye mawe. "Hawabebeki kifuani hawa. Watabaki na nini?"

"Nitarudi," Sekela alisema.

"Utarudi." Mkunga alilirudia neno lile kama anayeonja chakula kilichoharibika. "Maji yangu yanaondoka, na wewe utarudi."

Labda wangesimama pale hadi jioni. Lakini Tusajigwe alikuwa ameshamtoa mtoto wake kikapuni. Alifungua vifungo vya gauni, akamlaza kati ya maziwa yake, akafunga khanga, akavaa sweta juu, akavaa koti la mumewe juu ya sweta. Alifanya yote hayo taratibu.

"Mama Atuganile," alisema, "nimemsikia. Maji yatakatika. Mimi naenda wakati njia bado ina joto."

Akatoka nje. Mwingine akamfuata, kisha wote.

Watu wa Ihelu walikuwa wameshuka na kujipanga kando ya ukanda toka juu hadi chini, wamesimama kwenye sakitu ili nyasi za kijani ziwe za wapitaji. Walikuwa na makapu ya mawe yaliyopashwa ghalani na kuviringishwa katika mablanketi, na mama akipita walimpa jiwe jipya la kuweka mgongoni na kuchukua lile lililopoa. Yule mwanamke aliyepiga ukelele mkutanini alikuwepo pia, kapu mkononi. Mvuke mwembamba ulipanda kutoka ardhini ukawafika magotini, na kwa kuwa hapakuwa na vivuli, wapandaji walionekana kama wanaelea. Maua yaligusa miguu yao. Nyuki walitua mabegani mwao wakaondoka.

Katikati ya kilima Tusajigwe aliketi ghafla. Alikuwa bado hajapona uzazi wake. "Miguu imekataa," alisema.

Sekela alipiga magoti, akafungua sweta lake, akampokea mtoto kifuani. Hakuwa na uzito. Ilikuwa kama kupokea joto tupu lenye mapigo. Atuganile, aliyekuwa nyuma yao akinung'unika njia nzima, alizifunga khanga kwa mikono ya haraka. "Akinyamaza," alimwambia, "mpige kidole kwenye unyayo. Usimtikise. Unyayo."

Sekela akapanda. Aliisikiliza ile pumzi kama alivyozoea kulisikiliza ghala, kwa ngozi. Ikapanda, ikashuka, ikasita. Akangoja. Haikupanda.

Akasimama. Mlima wote ukasimama. Akapeleka mkono ndani, akakitafuta kile kiguu kidogo kama pilipili, akakipiga unyayoni kwa kidole. Kimya. Akapiga tena. Juu, lile jua jeupe lilitazama tu. Akapiga mara nyingine, kwa nguvu iliyomtia aibu, na kifua chembamba kikaruka, kikavuta hewa, na kutoka ndani ya sweta kikaja kilio chembamba, cha hasira, kama cha paka aliyekanyagwa.

"Vizuri," alisema Atuganile nyuma yake, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Kasirika, mwanangu. Kasirika sana."

Mpakani mwa Ihelu mkunga alisimama. Aliwakagua watoto wote mmoja mmoja akipitisha mkono ndani ya makoti, kisha akageuka kushuka.

"Karibu kwetu, mama," Sekela alimwambia. "Nafasi ipo."

"Wazee wangu wako chini," Atuganile alisema, akaenda zake.

Tusajigwe na mtoto wake walipelekwa kwa Enesia. Mama huyo mtu mzima aliwaangalia wakiingia, akaangalia pia jinsi msichana alivyokuwa anasinzia kwa kusimama. Akasukuma soksi pembeni, akafungua blauzi yake.

"Mlete huku kabla hujamwangusha," alisema. "Nilisema nataka kuishi, sikusema nataka kulea. Lete."

Na mtoto akalala juu ya kile kifua kibovu, chenye kukwaruza kama redio, akiwa na raha zake.

*

Sekela aliuziba ufa kwa mkono wake mwenyewe. Alitoboa ardhi kusini mwa kiwanja, akamimina uji wa saruji na udongo, akangoja nyayo zake zimpe habari. Pumzi ya ghala ikarefuka. Feni zikaenda kasi yake ya zamani, sakafu zikapata moto, na Ihelu ikaacha kuota maji.

Ukanda wa kijani ulikufa kuanzia juu. Asubuhi ya kwanza sakitu ililamba ncha za nyasi. Baadaye maua yakawa meusi, yakalala. Sekela alikwenda kuutazama kila siku, na watu waliomwona amesimama pale walidhani anahakikisha kazi yake.

Siku ukanda ulipokuwa mweupe wote hadi korongoni, alibeba jembe na sururu, akashuka.

Nyivogo mvuke ulikuwa haupo. Alikuwa hajajua jinsi majabali yale yalivyo karibu. Mvuke ulikuwa umeyaficha. Vikapu vilining'inia vitupu ndani ya nyumba ya mianzi. Mzee mmoja alikuwa bado amekaa kwenye jiwe lake, miguu ndani ya maji yaliyokuwa yamepoa kama maji ya mto wowote, na Sekela alipomsalimia alitazama pembeni.

"Yalikuwa yetu," mzee alisema, si kwa ukali.

Sekela aliweka sururu begani. Alitafuta mahali tambarare juu kidogo ya kijito, pasipofikiwa na maji ya masika, akachora duara kwa ncha ya jembe, akaanza kuchimba. Udongo wa juu ulikuwa umeganda. Sururu ilirudi mikononi mwake ikilia.

Baada ya muda Atuganile alikuja akasimama kando, amejifunga mashuka mawili.

"Unachimba kaburi la nani?"

"Ghala, mama."

"La kutia nini? Jua hakuna, na likiwepo huku halifiki."

"Nitaleta waya kutoka kwenye paa langu. Wengine nitawaomba. Nitawasumbua mpaka wachoke."

"Wamekubali?"

"Walisema tutaona."

Atuganile alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Na jua lenyewe likichelewa mwaka mwingine?"

Sekela alipiga sururu. Akapiga tena. "Watoto wanakua," alisema alipopumzika. "Yule wa Tusajigwe amepata mashavu. Mama yangu anagombana naye kutwa."

Mkunga alijikaza mashuka yake. Alitazama lile duara kwa muda, akaondoka, na Sekela akaendelea peke yake mpaka viganja vikachubuka. Kisha alisikia hatua. Atuganile alikuwa amerudi na kikapu, kimojawapo cha vile vilivyokuwa vinaning'inia, pamba imeshatolewa. Alikiweka chini, akapiga magoti kwenye ukingo wa shimo na kuanza kukijaza udongo kwa mikono.

Walifanya kazi pamoja. Yule mzee aliitoa miguu yake majini, akaifuta kwa shuka, akaja polepole akauliza kama kuna jembe jingine.

Walipolivunja tabaka lililoganda na kuingia chini yake, mikono ya Atuganile ilisimama. Aliuchota udongo, akaukaza kwenye kiganja, akauweka shavuni. Akamshika Sekela mkono, akaubandika chini ya shimo.

Huko chini ardhi ilikuwa bado vuguvugu.